Fedha Isiyo na Fedha



Lugha yetu ya Kiswahili inatumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo siku hizi havikutani tena. Neno hilo ni fedha. Kamusi hutuambia kwamba fedha ni madini meupe yenye kung'aa, yanayothaminiwa baada ya dhahabu. Kisha hutuambia kwamba fedha ni noti na sarafu, yaani kile kinachosimamiwa na Wizara ya Fedha. Wazee waliolipokea neno hili kutoka Kiarabu hawakuona haja ya kuwa na maneno mawili, kwa sababu sarafu iliyowafikia mkononi ilikuwa madini yenyewe. Leo hii chukua sarafu ya shilingi 500 iliyotolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2014, uisogeze kwenye sumaku. Itanasa. Ni chuma cha pua kilichopakwa nikeli. Rangi yake ni ya fedha, jina lake ni fedha, lakini ndani yake hakuna fedha hata chembe.

Juma hili napenda tufuatilie kwa pamoja historia ya metali za namna hiyo, zinazong'aa kama fedha nazo si fedha. Tunazishika kila siku: vijiko, funguo, sarafu, sinia za wageni, vyombo vya sakristia, sufuria za jikoni. Ili tusichanganyikiwe, humu nitayaita madini kwa jina la fedha, na kile cha kulipia nitakiita pesa. Kiswahili hakikosi maneno ya akiba: pesa ilitoka kwenye paisa ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba, na hela ilitoka kwenye Heller ya Wajerumani, waliyoianzisha katika koloni lao mwaka 1904. (Zote tatu zimeshapotea mifukoni, majina yake yamebaki.)

Niseme mapema msimamo wangu. Metali inayofanana na fedha haina kosa lolote kwa kufanana. Jambo la kuuliza ni nani anayejua kilichomo ndani yake: muuzaji peke yake, au mnunuzi pia.

Hata kuchanganya kwenyewe si hila. Fedha safi ni laini mno. Kijiko cha fedha tupu kingepinda, na sarafu ingelika upesi. Ndiyo maana tangu kale wahunzi waliongeza shaba kidogo. Uingereza iliweka kipimo cha sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na mwaka 1300 Mfalme Edward I akaamuru kwamba chombo cha fedha kisitoke mikononi mwa wafua fedha kabla ya kupimwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Chapa hiyo ndogo ilikuwa na kazi kubwa. Ilimwezesha mtu asiyejua lolote kuhusu madini kununua bila kumwogopa anayejua.

Matatizo yalianza pale aliyepaswa kulinda kipimo alipokuwa yeye mwenyewe mpunguzaji. Dinari ya Kirumi, sarafu tunayokutana nayo katika Injili, ilikuwa karibu fedha safi wakati wa Kaisari Augusto. Mwaka 64 Nero alipunguza uzito wake na fedha iliyomo. Waliomfuata wakaendelea, kwani majeshi yalidai mishahara na migodi haikutosha, hata kufikia miaka ya 260, chini ya Kaisari Gallienus, sarafu iliyochukua nafasi ya dinari ilikuwa na fedha chini ya sehemu tano katika mia. Ilipotoka kiwandani iling'aa, kwa sababu utandu mwembamba wa fedha ulibaki juu. Baada ya kupita mikononi mwa watu kwa muda, utandu huo uliondoka na shaba ikajitokeza. Watu hawakuwa wajinga: walizificha sarafu za zamani na kuzitumia mpya, na bei sokoni zikapanda.

Uingereza nayo ilipitia hayo. Kati ya mwaka 1544 na 1551, wakati wa Mfalme Henry VIII na mwanawe Edward VI, fedha katika sarafu ilipunguzwa hadi ikabaki robo tu mwaka 1551. Sura ya Henry ilichorwa ikitazama mbele, hivyo pua yake ndiyo iliyotokeza zaidi, na ndiyo iliyotangulia kuchakaa. Raia wakamwita Mzee Pua ya Shaba. Nadhani hakuna kodi iliyowahi kukosolewa kwa jina la utani linalofaa zaidi.

Tuje sasa huku kwetu. Katika karne ya 19, pesa iliyoaminiwa kuanzia Oman na Yemen hadi Ethiopia na Zanzibar ilikuwa ile sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya Maria Theresa, ambayo watu wa pwani waliiita reale. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo ya 1780 hata katikati ya karne ya 20, kwa vile wafanyabiashara wa pande hizi walikuwa wameizoea na hawakutaka sura nyingine. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo 833 zilikuwa fedha. Masonara wa Oman na Yemen waliziyeyusha na kutengeneza bangili, mikufu, vikuku na ala za jambia. Mwanamke aliyevaa bangili hizo alivaa akiba yake. Shida ikija, bangili ilirudi kwenye mizani ya sonara na kuhesabiwa kwa uzito, na hakuna serikali iliyoweza kuamua kwa amri kwamba tangu kesho uzito ule ni nusu.

Baadaye rupia ya India ikatawala pwani na bara. Ilikuwa na gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo 917 zilikuwa fedha, maana yake fedha yenyewe ilikuwa karibu gramu 10.7. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kupiga rupia zake mwaka 1890, ilifuata uzito na kipimo hichohicho, kwani rupia nyepesi isingepokelewa na yeyote. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, bei ya fedha ikapanda vibaya sana duniani. Mapema mwaka 1920 wakia moja iliuzwa London kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya kabla ya vita. Uingereza ilipunguza fedha katika sarafu zake mwaka huohuo, kutoka sehemu 925 hadi 500 katika 1,000.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa huko London Desemba 1919, ilikuwa na jukumu la kutupatia pesa mpya. Rupia ambayo kabla ya vita ilihesabiwa 15 kwa pauni moja, mwaka 1920 ilifungwa kwenye thamani ya shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Aliyedaiwa rupia 15, ambazo zamani zilikuwa pauni moja, sasa alidaiwa pauni moja na nusu. Aliyekuwa na akiba ya rupia 15 alifurahi kwa kiasi hichohicho. Ikatolewa sarafu ya florini kwa muda mfupi, na kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, yenye sura ya mfalme upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili.

Shilingi hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7.8, na fedha iliyomo ilikuwa robo tu. Naomba tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii haionekani usoni mwa sarafu. Rupia moja iliyorudishwa serikalini ilikuwa na gramu 10.7 za fedha. Shilingi mbili zilizochukua nafasi yake zilikuwa na gramu 3.9. Karibu gramu 7 hazikurudi. Robo ni kipimo kilekile cha mwaka 1551, ila safari hii pua haikuonekana kwa sababu mafundi wa karne ya 20 walijua kuchanganya metali ikabaki nyeupe.

Haki itendeke kwa pande zote. Tangu mwaka 1893, serikali ya India ilipozifunga karakana zake za sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakileta fedha ili ipigwe rupia, thamani ya rupia haikuwa tena sawa na thamani ya madini yake. Ilisimama pia juu ya amri ya serikali. Hivyo si kweli kwamba kila aliyebadilisha rupia aliibiwa gramu 7. Dukani alinunua kwa shilingi mbili kile alichotangaziwa kuwa ni thamani ya rupia. Aliyepoteza bila kuambiwa ni yule aliyeihesabu sarafu kama madini, yaani mwenye bangili. Yeye na sonara wake walikuwa na kanuni moja: yeyusha sarafu, pata pambo, yeyusha pambo, pata thamani. Shilingi ya mwaka 1921 ilivunja kanuni hiyo. Juu ya uso wake hapakuwa na neno lolote lililosema kwamba robo tatu za metali ile si fedha.

Zanzibar iliacha rupia na kuingia katika shilingi mwaka 1936. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliondoa fedha kabisa katika sarafu zake za matumizi mwaka 1947, ikiwa na deni la fedha iliyoazima kutoka Marekani wakati wa vita. Afrika Mashariki ilifuata. Shilingi ya mwaka 1948 ni ya shaba na nikeli, haina fedha hata kidogo, na simba ni yuleyule mbele ya milima ileile. Ukiziweka shilingi ya 1946 na ya 1948 mezani kandokando, mtu asiyejua kusoma tarehe angeona tofauti ndogo sana.

Uhuru ulipopatikana na bodi ile ikafungwa, Tanzania, Kenya na Uganda zikatoa sarafu zao mwaka 1966, na shilingi za nchi zote tatu zikawa za shaba na nikeli. Ya kwetu ilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande mwingine. Sarafu hizi hazikudai kuwa kitu kingine. Zilikuwa ahadi ya benki iliyopigwa chapa kwenye metali ngumu. Miaka ya mwisho ya 1980 shaba na nikeli nazo zikaonekana ghali, chuma kilichovikwa nikeli kikaingia, na hivyo tukafika kwenye ile ya 500 inayonasa kwenye sumaku, ambayo ilitolewa kwa sababu noti yake ilipita mikono mingi na kuchakaa upesi.

Nikeli hii ni kitu gani basi, hata ikaweza kuigeuza shaba nyekundu ikawa nyeupe kama fedha? Hapo tuiache pwani yetu, twende mbali kidogo, kwani metali iliyochukua nafasi ya fedha ina ukoo wake.

Wachina waliijua mapema kuliko Wazungu. Katika majimbo ya Yunnan na Sichuan walichimba mawe yenye nikeli, wakayeyusha pamoja na shaba na zinki, wakapata metali waliyoiita shaba nyeupe. Jina hilo nalipenda. Halikusema fedha, lilisema shaba, ila nyeupe. Kuna sarafu za shaba na nikeli zilizo kongwe zaidi, zilizopigwa na wafalme wa Kigiriki wa Baktria, katika eneo ambalo sasa ni Afghanistan ya kaskazini, karibu mwaka 170 KK. Wanahistoria wamebishana sana kama metali yake ilitoka China au mahali pengine. Kwa hakika katika karne ya 18 shaba nyeupe ya China ilikuwa ikipakiwa melini Canton, na matajiri wa Uingereza wakawa na vinara vya mishumaa vya metali hiyo.

Huko Ulaya nikeli ilikuwa na sifa mbaya. Wachimbaji wa Saxony, Ujerumani, walikutana na jiwe jekundu lililofanana kabisa na jiwe la shaba. Walilichoma, wakapata mvuke wenye sumu ya aseniki na tonge lisilofaa, shaba hawakuipata. Wakasema ni kazi ya kibwengo wa migodini aitwaye Nickel, wakaliita jiwe lile shaba ya Nickel, yaani shaba ya kibwengo. Mwaka 1751 mtaalamu wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alipata kutoka jiwe la namna hiyo metali mpya, akaipa jina la kibwengo yuleyule. Mwaka 1776 Msweden mwingine, Gustav von Engeström, akachapisha uchambuzi wa shaba nyeupe ya China na kuonyesha kwamba ni shaba, nikeli na zinki. Siri ya Yunnan ikawa wazi.

Ilibaki mtu wa kuitengeneza kwa bei nafuu. Huko Schneeberg, mji wa Saxony, kulikuwa na viwanda vya rangi ya buluu iliyotokana na kobalti, navyo vilitupa mabaki yenye nikeli nyingi. Tabibu na mkemia Ernst August Geitner alianza mwaka 1823 kuyatumia mabaki hayo, akatengeneza metali nyeupe. Ndugu wawili wa ukoo wa Henniger wakaanza yao Berlin mwaka uliofuata, nao waliiita fedha mpya. Waingereza wakaiita fedha ya Kijerumani. Na hapo, wapendwa, ndipo jina lilipoacha ukweli. Mchina alisema shaba nyeupe. Mzungu akasema fedha. Kawaida yake ni shaba sehemu 60, nikeli 20 na zinki 20. Hakuna fedha.

Pamoja na hayo, siwezi kuilaumu metali yenyewe, kwa sababu iliwafaa watu wa kawaida. Kabla yake, familia isiyo na uwezo ilikula kwa kijiko cha mti, cha pembe au cha bati lililochanganywa na risasi. (Nasema bati kwa maana ya madini, siyo mabati ya kuezekea; hayo ni chuma kilichopakwa zinki, na bati ndani yake hakuna. Kiswahili nacho kina hila zake.) Fedha ya Kijerumani ilikuwa ngumu, haikushika kutu, na ilisuguliwa ikang'aa. Ikatumika kwa vijiko, funguo, vitasa, vifungo, filimbi na ala nyingine za muziki. Hata leo funguo nyingi nzuri ni za metali hiyo.

Kisha ikavikwa. Huko Sheffield tangu miaka ya 1740, kwa ugunduzi wa fundi Thomas Boulsover, walikuwa wakiunganisha kwa moto bamba la fedha na bonge la shaba, kisha kulikandamiza likawa bamba jembamba lenye fedha juu na shaba chini. Ubaya wake ni ule wa Mfalme Henry: pembe zilipolika, wekundu ulijitokeza. Mwaka 1840 George Elkington na binamu yake Henry, wa Birmingham, walipata hataza ya njia nyingine. Kijiko kilitumbukizwa katika maji yenye chumvi ya fedha na sianidi, kikaunganishwa na umeme wa betri, na fedha ikahama kutoka kwenye bamba lililoning'inizwa pembeni ikajipaka juu ya kijiko, tabaka jembamba kuliko unywele. Masonara wetu huita kazi ya namna hii kuchovya. Chini ya tabaka hilo mafundi walipendelea fedha ya Kijerumani kuliko shaba, kwa sababu moja rahisi: fedha ikilika, kilicho chini nacho ni cheupe, wala mgeni hatagundua.

Hapo ndipo penye utata wa jambo lote. Sababu hiyohiyo iliyomfaa mama wa nyumbani, aliyetaka kijiko chake kidumu kikiwa kizuri, ndiyo iliyomfaa laghai. Sheria haikuruhusu chapa ya kichwa cha chui au ya simba kwenye vitu vya kuchovya. Basi mafundi wakapiga herufi E, P, N na S, ambazo kwa Kiingereza ni kifupi cha fedha ya nikeli, yaani ile ya Kijerumani, iliyochovywa kwa umeme. Aliyejua kuzisoma aliambiwa ukweli wote. Lakini wengi wao walizipiga kila moja ndani ya ngao ndogo, zimepangwa mstari, kwa mfano wa chapa za fedha halisi, ili mtu azipitie kwa jicho bila kuzisoma. Herufi zilisema kweli kwa maana na kudanganya kwa umbo. Ukirithi sinia lenye herufi hizo, ujue kwamba hata sonara mwema hawezi kukupa pesa ya maana kwa uzito wake. Fedha yote iliyomo ni ule utandu wa juu.

Wapo pia wanaouziwa hereni na vipuli vya fedha ya Kijerumani, kisha masikio yakawawasha na kutoa majimaji. Nikeli huwadhuru watu wengi ikikaa juu ya ngozi, na nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha masharti juu ya nikeli katika mapambo mwaka 1994.

Kanisa nalo limelikabili swali hili kwa karne nyingi, mintarafu kalisi. Katika sheria zilizokusanywa na mtawa Gratian karibu mwaka 1140 kuna kanuni ya zamani zaidi kwamba kalisi iwe ya dhahabu au walau ya fedha. Aliye maskini sana aruhusiwe ya bati. Lakini ya shaba na ya shaba ya manjano ikatazwe, kwa kuwa divai huzitoa kutu ya kijani inayomtapisha mnywaji. Navutiwa na kanuni hii kwa jinsi inavyojali heshima ya altare na tumbo la padre kwa pamoja. Mwaka 1175 mtaguso uliofanyika Westminster, Uingereza, ulikaza zaidi: maaskofu wasibariki tena kalisi za bati. Bati halikutoweka, lilishuka kaburini. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta huko Uingereza makaburi ya mapadre wa karne zile wakiwa na kalisi ya bati kifuani au kandoni, kwani ile ya fedha ilibaki kwa walio hai.

Mwongozo wa Misale ya Roma, katika toleo la mwaka 2002, namba 328, unaelekeza kwamba vyombo vitakatifu viwe vya metali ya thamani, na vikiwa vya metali inayoshika kutu au iliyo duni kuliko dhahabu, kwa kawaida vichovywe dhahabu upande wa ndani. Parokia zetu nyingi zinatumia vyombo vya aina hii, na si aibu. Lakini dhahabu ya kuchovya hulika kwa kufutwa kila siku. Ikiisha, divai hugusa metali ambayo zaidi ya nusu yake ni shaba, na tunarudi kwenye onyo la Gratian. Wanaohudumu sakristia wachungulie ndani ya kalisi kwenye mwanga wa jua. Panapoonekana weupe au doa la kijani katikati ya manjano, chombo hicho kinahitaji fundi wa kukichovya upya.

Mezani, fedha ya Kijerumani imeshapata mrithi. Tarehe 13 Agosti 1913, katika Sheffield hiyohiyo, Harry Brearley alimimina chuma chenye kromiamu karibu sehemu 13 katika mia. Alikuwa akitafuta metali ya mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Aligundua kwamba vipande vyake havikuharibiwa na tindikali alizozitumia maabara, hata siki na ndimu havikuviacha doa. Huko Ujerumani kampuni ya Krupp ilikuwa imepata mwaka 1912 aina yenye kromiamu na nikeli pamoja. Mafundi wa visu wa Sheffield walimcheka Brearley mwanzoni kwamba amebuni visu visivyokata. Siri ya chuma hiki ni kwamba kromiamu huungana na hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana, nao ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe. Hakijavikwa kitu, ni kilekile kuanzia juu hadi katikati. Geuza kijiko chako cha stenlesi uone kama kina maandishi 18/8 au 18/10. Tarakimu ya kwanza ni kromiamu, ya pili ni nikeli, kwa kila mia. Aina hizi kwa kawaida hazinasi kwenye sumaku, ilhali zile za kromiamu peke yake hunasa. Kijiko cha bei ndogo kinaeleza kilichomo ndani yake kuliko sarafu ya mwaka 1921.

Imebaki sufuria. Hii ndiyo metali nyeupe iliyo nyingi kuliko zote katika nyumba zetu, na ndiyo isiyo na maandishi yoyote. Tangu mwaka 1886, Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa walipogundua kila mmoja kwa upande wake njia ya kupata alumini kwa umeme, metali iliyokuwa ghali ikawa ya kila mtu. Sufuria za kiwandani zinazotokana na bamba la alumini ni jambo moja. Zile zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu ni jambo jingine: ndani ya chungu cha kuyeyushia huingia vipande vya injini, makopo, vipuri vya kompyuta na chochote chenye rangi nyeupe. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo nchini Kamerun, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walizikuta zikitoa risasi kwenye maji yenye uchachu yaliyochemshwa ndani yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, katika ubongo.

Mafundi hao ninawaheshimu. Wanalisha familia kwa jasho, na wao ndio wanaovuta moshi wa kwanza. Hawajui kilichomo katika chuma walichonunua kwa kilo, na mama anayenunua sufuria kwao hawezi kujua kwa macho. Hakuna chapa ya chui wala herufi za kusoma. Kwa sasa mama huyo anaweza kufanya haya: sufuria ya kusubu isipikiwe vitu vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju, chakula kisilazwe ndani yake, na uji wa mtoto upikwe katika chombo cha stenlesi au cha udongo usiopakwa rangi, kama kimo nyumbani.